Kifumbu cha Biasha

Biasha, mwenzangu,

Mkono una mazoea mabaya. Umeandika "u hali gani" kabla sijauzuia, nikakata, nikachukua karatasi nyingine. Basi nikwambie hali zetu sisi, maana yako wewe anaijua Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi kila nikimaliza kuswali namwomba akupe hewa. Watu huwaombea maiti wao bustani na mito na kivuli. Mimi nakuombea hewa tu, mwenzangu, hewa ya kujaza kifua, uvute mpaka ushibe.

Nakuandikia hapa kwenu Msambweni, barazani, mgongo nimeuegemeza ule ukuta uliokuwa ukinikataza kuuegemea kwa sababu ya chokaa. Buibui langu limeshakuwa jeupe mgongoni na hakuna wa kunicheka. Mama yako yuko uani, amekalia mbuzi anakuna nazi, na mara kwa mara anasimamisha mkono kama mtu anayesikiliza kitu, halafu anaendelea. Sikumwambia naandika nini. Lakini anajua. Mama yako ni mtu wa kujua.

Hitima tumeshakusomea. Arubaini nayo imepita. Watu walijaa mpaka mikeka ikaazimwa kwa majirani, na akina mama wa mikoko walipika wao, wakamkataza mama yako asiguse hata mwiko. Ami yako alisimama mbele ya wanaume akasema ati marehemu alikuwa mtaalamu mkubwa, na yeye tangu mwanzo alijua utafika mbali. Biasha, nilikuwa nimeshika birika la chai. Nusura nimmwagie. Ami yuleyule! Aliyekaa papa hapa barazani ulipotoka chuoni na shahada yako ya kompyuta, akauliza, "Kompyuta na mikoko, wapi na wapi?" Akasema mtoto wa mtu amesomeshwa mpaka Nairobi ili arudi kukanyaga tope, kama ni tope si angebaki tu, lilikuwepo. Akakutafutia kazi ya benki Ukunda, akakutafutia kazi ya ofisini kule Kwale, na kila ukikataa anasema umerogwa. Nawe ukamjibu kwa zile adabu zako za kuudhi: "Ami, hata mikoko inataka mtu wa kompyuta." Basi. Nilimmiminia chai yake nikaondoka. Nilijua ungenikanya.

Na mimi je? Tuseme kweli, hata mimi sikukuelewa upesi. Nilikuwa zangu Galu, hotelini, nikitunza kompyuta za mapokezi na intaneti ya wageni. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupanda vyumbani kuwaambia watu wazima na akili zao wakizime kile kidude, halafu wakiwashe tena. Ukaja Ijumaa moja mchana, tope limekukauka mpaka magotini, sandaki zako za plastiki mkononi, leso umejifunga kiunoni kama unakwenda kugombana na mtu, na askari wa geti akakukatalia kuingia. Nikaitwa. Nakukuta umekaa ukingoni mwa njia unacheka na askari huyohuyo kama mmezaliwa nyumba moja, na kifua chako kinapiga filimbi. Ukaniambia, "Mejumaa, hapa wanakulipia vidole vyako. Njoo nikupe kazi inayotaka kichwa." Wallahi niliona umenitukana. Lakini kabla msimu wa wageni haujaisha nilikuwa nawe ndani ya tope, nimepoteza kiatu kimoja, nakulaani.

Wacha niisimulie ile kazi. Najua hujaisahau. Nataka tu kuisikia mwenyewe, kwa sababu siku hizi hakuna ninayeizungumza naye kama tulivyokuwa tukiizungumza.

Vile vikasha vya plastiki vyenye kinasa sauti ndani tulikuwa tukivifunga kwenye matawi ya michu, ile mikoko mirefu, juu ya pale maji ya bamvua yanapofika. Vinakaa humo vikisikiliza: maji, kaa, ndege, upepo, na shoka likipiga. Betri ikiisha tunarudi, tunachukua kadi, tunaitia kwenye kompyuta, na programu uliyoifunza wewe inatwambia hapa alilia ndege fulani, hapa maji yalipanda, hapa mtu alikata mkoko. Hivyo akina mama wanaopanda miche wakajua ni upande gani mikoko inakwisha kwa shoka, na ni upande gani ndege wamerudi kutaga. Kabla ya hapo walikuwa wakizunguka msitu mzima kwa miguu, na mwizi anawasikia wanavyokuja.

Unakumbuka shoka letu la kwanza? Kompyuta ilisema kuna mtu anakata kwenye kona ya kaskazini, kila siku, saa zilezile za kabla ya adhuhuri. Akina mama wakapandwa na hasira. Tukaenda kumvizia, kundi zima, tumeinama kwenye tope hatupumui, na kweli tukasikia: du, du, du. Bi Mwanatumu wa kikundi chetu mbele na panga. Tukatokea nyuma ya nyumba ya watu, na hapo yuko mama wa watu na kinu chake, anatwanga kisamvu. Alitutazama tulivyotapakaa tope mpaka nyusi, akatukaribisha chakula. Tukala kweli. Na tangu kesho yake ukawa unazunguka nyumba kwa nyumba na kikasha mkononi, shikamoo, shikamoo, ukiwaomba watu watwange kidogo, ili kompyuta ijue tofauti ya mchi na shoka. Watu wakadhani umepata wazimu. Mimi nilikuwa nakubebea betri na sikuwa na hakika kwamba wamekosea.

Na siku ya upepo. Ulitundika kikasha hapa hapa, kwenye msumari huu ulio juu ya kichwa changu, ukijaribu maikrofoni mpya. Ulikaa chini yake unaandika zako, kimya. Tulipoitia ile kadi, kompyuta ikaandika: upepo. Upepo. Upepo. Na siku ile hata jani la mwembe halikutikisika! Mpaka tulipofahamu kwamba ni kifua chako. Nilicheka nikalala chini. Wewe ulicheka mpaka ukaitafuta dawa yako ya kuvuta, na hata ulipokuwa unaivuta ulikuwa bado unacheka. "Kumbe mimi ni upepo," ukasema. "Nitairekebisha nikipata nafasi. Sasa hivi niache niwe upepo."

Mama yako akasema kutoka ndani kwamba yeye hahitaji kompyuta. Kwamba amelala na kiganja chake mgongoni mwako tangu ukiwa mchanga, na akiwa jikoni anaweza kusema kama kifua kimechafuka kwa vumbi, au kwa mvua, au kwa kitu unachokificha. Ukamkonyeza ukasema, "Mama, sina siri kwako." Nami nikajua una siri tele.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimelizunguka vya kutosha.

Ulimwahidi Bi Mwanatumu. Unajua alivyo, mwenyekiti wetu, mwenye neno la kumkata mtu maini hata akiwa anakusalimia. Siku ya kwanza ulipovileta vikasha, alikiangalia kimoja, akakigonga kwa kucha, akauliza, "Hili sikio lako lina mdomo?" Ukamjibu, "Halina, na likiota nitalikata." Hawakucheka. Ukaelewa kwa nini hawakucheka. Mikokoni ndiko wanakosemea. Nyumbani kuna mume, kuna mawifi, kuna mke mwenza nyuma ya pazia, kuna mkwe anayesikia mpaka unavyofikiri. Kule, mgongo umeinama juu ya mche, mtu anasema yaliyomjaa, na mwenzake anayazika papo hapo pamoja na mizizi. Nani angekubali kinasa sauti juu ya kichwa chake?

Ulirudi nyumbani ukajifungia na kompyuta. Hukutoka ila kwa swala na chakula. Ulipotoka ulikuwa na programu mpya, na mkononi una nazi, mbuzi na kifumbu cha mama yako, ukaenda navyo kwenye mkutano wa kikundi. Ukaikuna ile nazi mbele yao, ukaitia kwenye kifumbu, ukamimina maji, ukakamua. Ukawaambia, "Tui ndilo linalopita: ndege, maji, shoka. Maneno ya watu yanabaki humu ndani." Bi Mwanatumu akang'aka, "Kwa hiyo sisi ni machicha?" Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Nawe ukasema, "Machicha tunawapa kuku, Bi. Na kuku hawasemi." Na ile programu ikapata jina siku hiyo. Kifumbu.

Halafu ukaacha mzaha. Nakukumbuka ulivyosimama. Ukasema kadi yoyote ikitoka mikokoni itapita kwenye kifumbu kwanza, kabla ya sikio la mtu yeyote, si lako, si la Mejumaa, si la wakubwa wa mradi kule Nairobi. Na sauti ile ya asili, isiyochujwa, itafutwa palepale. Ukaapa. Ndipo wakakubali. Mimi niliyekuwa nikidhani kazi yetu imesimama juu ya kompyuta, siku hiyo niliona imesimama juu ya nini.

Wewe mwenyewe ulikuwa unajikamua humohumo. Kila ukiingia mikokoni ulipiga hodi kama bibi yako alivyokufunza: "Hodi wenyewe, twapita kwa heri." Na kila mara kifumbu kiliitupa hodi yako pamoja na umbea wa akina mama. Nikakwambia ujiachie hata hodi moja, iwe ukumbusho. Ukasema, "Nikijiachia mimi, nitamnyimaje mwengine?"

Kikasha cha mwisho ulikifunga na Bi Mwanatumu, kwenye ule mchu mkubwa karibu na njia ya maji. Mimi nilikuwa Kwale, nimepeleka ripoti yetu kwa watu wa kaunti. Jioni ulirudi ukamwambia mama yako hujambo, umechoka tu. Wiki haikuisha. Kifua kilikushika mchana, mama yako akiwa anaanua nguo, na dawa haikufua dafu. Walikupakia kwenye tuktuk. Ulikuwa umemlalia mama yako begani, na kabla ya kufika hospitali yeye akajua, kwa sababu filimbi ilinyamaza.

Nilipigiwa simu nikiwa Kombani, nimesimama kando ya barabara na karanga za moto mkononi. Sijala karanga tena.

Sasa sikia yaliyotokea baada ya hitima. Tulikwenda mimi na Bi Mwanatumu tukakitungua kile kikasha. Kilikuwa kizima, hata siafu hawakukigusa. Niliitoa kadi nikaitia mfukoni, nikakaa nayo. Kila nikifungua kompyuta naifunga. Siku moja mama yako akaja akakaa kando yangu, akaniuliza kama ni wewe uliyekifunga kile cha mwisho. Nikasema ndiyo, mama. Akauliza kama kilikuwa kimeshawashwa ulipokuwa ukikifunga. Nikasema ndiyo. Akaikunja leso yake, akaikunjua, akasema, "Basi mwanangu yumo humo."

Biasha, hakuna sauti yako popote. Tumetafuta! Wenzako wote wanatumiana sauti kwenye simu, wewe ulikuwa unaandika tu, ati ukijisikia unajiona kama cherehani iliyokosa mafuta. Video za harusi ya dada yangu, unaonekana unasema, mdomo unakwenda, na juu yake ni taarabu tupu. Simu ya mama yako ni ile kabambe ya vitufe, haina inachohifadhi ila namba. Picha zako ziko nyingi, na picha haimwiti mtu "mama." Yeye alitaka akusikie ukisema kitu. Chochote. Hata hiyo hodi.

Nikaitia kadi kwenye kompyuta. Ilikuwa mbele yangu, kidole kimoja tu kinatosha. Sikukigusa. Nikampigia mkubwa wetu Nairobi, mtu mwema, akasikitika sana, akasema nikate kile kipande cha mwanzo nimpe mama, nani atajua? Na kwa kweli nilitaka. Nilikukasirikia, mwenzangu, wacha nikwambie wazi. Nilikukasirikia kwa kuapa. Nikasema, yeye amekwenda zake, ametuachia kiapo, na mama wa watu anakunja leso.

Lakini siku ile hukuwa peke yako kule. Kupata neno lako ningelazimika kusikia na ya mwenzio. Basi nikaenda kwa Bi Mwanatumu kumwomba ruhusa.

Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote. Aliendelea kuchambua. Kisha akaniambia kwamba siku ile, mlipokwisha kufunga kikasha, alikaa nawe kwenye mzizi akakwambia jambo ambalo hajamwambia hata dada yake wa tumbo moja. Alilia. Nawe hukumwambia kitu, ulikaa tu kando yake mpaka akamaliza. Akasema, "Mimi ni nani nimnyime mama sauti ya mwanawe? Fungua, mwanangu. Sitakulaumu." Akatoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Lakini kule mikokoni sitasema tena."

Nilitoka pale nikatembea hovyo. Nilikuwa na ruhusa mkononi na ilikuwa nzito kuliko katazo.

Mwisho nilimweleza mama yako. Nilimweleza yote, ila siri ya Bi Mwanatumu ambayo hata mimi siijui. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kweli uliahidi hivyo kwa mdomo wako. Nikasema aliahidi, mama, na nazi akaikuna mbele yao. Akanitazama. "Na kifumbu changu alikichukua siku hiyo, hakukirudisha mpaka leo." Akacheka, Biasha! Cheko fupi, la kwanza tangu siku ile, nami nikacheka kwa hofu. Halafu akasema, "Pitisha."

Nikamwambia afikiri kwanza, kikishapita hakuna kurudi. Akasema, "Mwanangu ameahidi. Mimi nimvunjie ahadi yake akiwa kaburini?" Akaongeza, "Lakini nataka niwepo. Nilimwosha mimi, na hili nalo niwepo."

Tulifanya asubuhi, jua limeshapanda, hapa barazani. Alitandika mkeka mpya, akavaa leso safi, akakaa na tasbihi. Nikasema Bismillahi, nikakiachia kifumbu chako kifanye kazi yake. Unajua kinavyokwenda polepole, kile kimstari kinavyosogea. Mama yako hakukitazama, alikuwa akisoma kwa midomo tu. Kilipofika mwisho nikaifuta ile ya asili. Ile hodi yako ilikwenda, na siri ya Bi Mwanatumu ilikwenda, pamoja, kama ulivyotaka.

Nilitaka kuifunga kompyuta. Lakini mazoea ni mazoea, wewe ndiye uliyenifunza: kifumbu kikimaliza, sikiliza mwanzo kidogo, uhakikishe hakuna lililovuja. Nikabonyeza. Maji. Kaa wanavyodonoadonoa. Kisha ile nafasi tupu, fupi, nikajua hapo ndipo hodi ilipokuwa. Kisha ndege mmoja. Kisha...

Mama yako alinishika mkono. "Nyamaza," akasema, na mimi sikuwa nasema kitu.

Aliinamisha sikio mpaka likakaribia kugusa kompyuta. Kwenye kioo, programu yako ilikuwa inaandika: upepo. Upepo. Upepo. Na mama yako akasema, taratibu sana, "Huyu hapa."

Ulikuwa wewe. Ulikuwa unakifunga kikasha, kifua kiko karibu kabisa na maikrofoni, unavuta na kutoa, na ile filimbi yako mwisho wa kila pumzi. Kifumbu hakikujua kwamba hilo nalo ni neno. Kilitupa kila ulichosema kikakuacha wewe.

Nilidhani atatabasamu. Alitabasamu kweli, kwa muda. Halafu uso ukambadilika. Akaninyooshea kidole nisikilize. "Kifua kilikuwa kimeshambana. Sikia anavyomalizia pumzi." Mimi sikusikia tofauti yoyote. Yeye alisikia. Akapiga paja lake kofi dogo, kama alivyokuwa akikupiga ukichelewa kurudi, akasema, "Muongo wee, Biasha. Ulikuja ukanambia hujambo."

Na hapo ndipo akalia. Siku ya maziko hakulia vile, wala arubaini. Alilia akikuita muongo, muongo, muongo wangu, na mimi nikamshika, na kompyuta inaendelea kuandika upepo, na hakuna kati yetu aliyeweza kunyoosha mkono kuizima.

Sijui kama nilimpa dawa au nilimfungua kidonda. Nakuuliza wewe na hunijibu. Ninachojua ni kwamba siku hizi huja jioni baada ya alasiri, hukaa kando yangu na kusema, "Niwekee upepo." Husikiliza kidogo tu. Halafu hunyanyuka akaenda kuwasha moto. Bi Mwanatumu naye alikuja kusikiliza. Nilidhani ataogopa, akakaa, akamshika mama yako begani, akasema, "Hivi ndivyo alivyonijibu siku ile." Kisha kesho yake akaenda mikokoni kupanda, na nilimsikia kwa mbali akisema, akisema, hapumziki, chini ya kikasha kipya. Nikapita mbali.

Habari nyingine ni ndogondogo. Hoteli ya Galu wamenipigia nirudi, nimewaambia asanteni. Walimu wa sekondari waliniita nikazungumze na wasichana, na mmoja, mrefu, ana miwani, akaniuliza, "Madam, mtu akisoma kompyuta si lazima akae ofisini?" Nikawaonyesha miguu yangu. Nikawaambia kulikuwa na msichana wa hapa hapa Msambweni, mwenye pumu, aliyeifunza kompyuta kutofautisha shoka na mchi wa kinu, na kabla ya hapo akaifunza adabu. Wakacheka. Lakini yule wa miwani hakucheka, na Jumamosi iliyopita alikuja na sandaki zake mkononi.

Basi ahadi zangu ndizo hizi, nami naziandika ili usije ukasema sikusema. Vikasha vitaendelea kusikiliza. Kifumbu sitakiacha kitobolewe na mtu, awe mkubwa wa Nairobi au ami yako. Nitapiga hodi kila nikiingia, nikitaja na jina lako. Na yale makosa ya programu uliyoniachia, nitayarekebisha yote, moja baada ya moja, na huyo wa miwani nitamfunza nami. Isipokuwa lile moja ulilosema utalirekebisha ukipata nafasi. Lile silishiki. Huyo wa miwani nimeshamwambia asiliguse, na akiniuliza sababu, nitamleta hapa barazani kwa mama yako.

Mama yako ananiita. Ameshamaliza kukuna, anataka nimshikie kifumbu akamue. Alikikuta chini ya kitanda chako, kimekauka machicha ya siku ile ya mkutano, na hakukiosha mpaka jana.

Kwa heri, Biasha. Lala salama, mwenzangu, na uvute hewa yako bila haraka. Wewe endelea kuwa upepo.

Wako,
Mejumaa